Yaliyo Chini ya Mstari

Ninyi wadogo wa darasa la pili na la tatu la sekondari, mnaonisimamisha kwenye korido kuniuliza kama staji ya televisheni, yaani mafunzo ya kazi wakati wa likizo, ni kazi ya kupigwa picha, nawaandikia mimi niliyekwisha kustaafu. Ndiyo, kustaafu. Nina miaka kumi na saba. Nilifanya kazi wiki sita za likizo kubwa, nikarudisha beji, wakanipa karatasi yenye muhuri, basi. Babu yangu alichuma chai miaka thelathini na kitu, naye walimpa karatasi yenye muhuri. Tofauti yetu ni kwamba yeye walimwongezea saa ya ukutani, na saa hiyo haijawahi kutembea.

Mwalimu wetu alitaka nije niseme mbele yenu. Nilikataa. Wanaonijua wanajua: nikiitwa ubaoni, sauti yangu inabaki kwenye dawati. Akasema, basi andika. Kuandika ninaweza. Karibu yote yaliyomo hapa nimeyatoa kwenye kaye yangu, lile daftari ambalo dada yangu analisoma kwa wizi na kunisahihishia makosa kwa kalamu nyekundu.

Kwanza muondoe kichwani ile televisheni mnayoiwazia. Yetu ni nyumba ya kukaa watu, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Sebule ndiyo studio. Jikoni wameweka mitambo na kioo ukutani, wanaita régie, lakini siku za joto bado panatoa harufu ya samaki. Mapokezi ni baraza lenye benchi moja na meza ya Maman Aline, ambaye anapokea wageni, simu, barua na maneno ya watu wote. Jogoo wa jirani anaingia kwenye habari kila jioni. Watazamaji wamemzoea, mara moja alipokosekana walipiga simu.

Nyuma ya mlango wa studio kuna koti la suti, rangi ya majivu. Ni la kila mtu. Anayesoma habari analivaa, mchungaji wa asubuhi analivaa, daktari mgeni analivaa. Siku moja alikuja mgeni mwembamba sana, koti likamning'inia, ikabidi mtu achutame nyuma ya kiti chake na kulikaza mgongoni kwa mikono kipindi kizima. Mtu huyo nilikuwa mimi. Dakika arobaini. Kwa hiyo mkiniuliza kama nimewahi kuonekana kwenye televisheni, jibu ni: kidogo tu ningeonekana.

Kuna mambo ya mikono ambayo hamtafundishwa shuleni. Waya wa mikro, kile kipaza sauti, haukunjwi kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, na tonton Riziki, fundi wa mitambo, akaufungua wote na kuurusha sakafuni. “Anza tena. Waya iko kama nyoka, ukimulaza mubaya atakukumbuka.” Unaukunja kwa duara kubwa, moja ndani, moja nje. Jambo la pili: umeme ukikatika, usiguse kitu mpaka groupe, jenereta yetu, ianze kunguruma uani, halafu hesabu hadi ishirini. Mwenzangu aliyenitangulia alihesabu hadi tano. Kompyuta aliyoiwasha iko bado pale, wanaitumia kuzuia mlango.

Sasa nifike kwa Papa Gervais.

Yeye ndiye mkuu wa komunike, yaani matangazo ambayo watu wanaleta wenyewe: mazishi, kadi iliyopotea, mkutano wa wazazi, mbuzi aliyekata kamba. Ni mtu mfupi, anavaa sweta hata mwezi wa saba, na hapandishi sauti kamwe. Alianzia redioni kabla sisi hatujazaliwa. Alinipokea kwa swali moja.

“Uko na rula?”

“Niko nayo, papa.”

“Basi uko na kazi.”

Rula ilikuwa ya kuchorea mstari. Kila komunike inaandikwa kwenye karatasi yake, na katikati ya karatasi unachora mstari. Juu ya mstari unaandika yatakayosomwa. Chini ya mstari unaandika yale ambayo hatusemi. Mtu ameokota pochi? Juu: pochi nyeusi, imeokotwa Nyawera. Chini: ndani mna picha ya ubatizo na funguo mbili zenye uzi wa kijani. Papa Gervais alinifafanulia kwa kunyoosha kidole, kama anayefundisha katekisimu.

“Mwenye kitu atakuja na yale ya chini. Mwenye hana kitu atakuja na yale umemupa wewe mwenyewe. Unasikia?”

Nilisikia. Niliandika hata kwenye kaye. Dada yangu aliweka alama ya “vizuri” pembeni.

Mstari huo una kazi kubwa kuliko pochi. Hapa kwetu Bukavu, mtoto akipotea, watu wanamleta kwenye redio au televisheni iliyo karibu. Mnajua hilo, labda wengine wenu mmewahi kukaa kwenye benchi lile mkiwa wadogo. Wakati wa likizo wanakuwa wengi, kwa sababu watoto wa vijijini wanaletwa mjini kutembelea ndugu, na sokoni mkono unaponyoka. Maman Aline ana biskuti kwenye droo na ndoo ndogo nyuma ya pazia. Mtoto anapigwa picha, komunike inasomwa, na mara nyingi kabla ya saa mbili kupita kuna mama anaingia mbio, kiatu kimoja mkononi. Nimeona wamama wanne wa namna hiyo. Wanamchapa mtoto kofi kwanza, halafu wanalia.

Wiki yangu ya tatu, siku ya Jumatano, muuza sombe, majani ya muhogo, wa soko la Kadutu alileta msichana wa miaka minne hivi, mwenye gauni, robe ya njano, pekupeku. Alimweka kwenye benchi, akasema, “Nimemukuta chini ya meza yangu, analia. Mimi narudia ku biashara,” akaenda. Mtoto akiulizwa jina anasema Mami. Kila mtoto wa umri huo ni Mami.

Niliketi naye. Kuketi na mtoto ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote, kwa kuwa hakudai niseme kitu. Niliandika karatasi yake. Juu: msichana, miaka minne, robe ya njano, amepatikana soko la Kadutu, upande wa mboga. Nikachora mstari. Chini: kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, uzi mweusi kwenye mguu wa kulia.

Siku hiyo Papa Gervais alikuwa ameenda kilioni Bagira. Mtangazaji mwingine alikuwa njiani kutoka Miti, gari lao limepasuka tairi. Saa ya komunike ikafika. Tonton Riziki akatoa kichwa nje ya régie.

“Petite, ingia. Njo weye utasoma.”

“Mimi? Hapana tonton.”

“Ao unataka jogoo asome?”

“Tonton, mimi sijawahi.”

“Sura yako haitaonekana. Ni sauti tu. Picha ya mutoto njo itakuwa pale. Ingia, dakika mbili.”

Maman Aline akanisukuma kwa kiganja mgongoni.

Nitawaambia ukweli jinsi nilivyosoma. Nilisoma kama mtu anayevuka barabara macho yamefungwa. Nilianza, sikupumua, na nia yangu ilikuwa moja, kufika mwisho wa karatasi. Nilifika. Msichana, miaka minne, robe ya njano, soko la Kadutu, kovu la kuungua mkono wa kushoto juu ya kiwiko, uzi mweusi mguu wa kulia. Mstari niliuona. Niliuruka kama mtaro. Nyuma ya kioo tonton Riziki alinyanyua mikono yote miwili juu, nami nikadhani ananipongeza.

Papa Gervais alinisikia akiwa kilioni. Kwenye nyumba ya msiba walikuwa wamewasha televisheni pembeni, bila kuitazama. Aliomba ruhusa kwa wafiwa, akapanda moto, ile pikipiki ya abiria, akafika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilisimama. Nilingoja anitukane, ningependa anitukane.

“Umesoma muzuri,” alisema. “Umesoma mupaka chini.”

“Pardon, papa.”

“Sasa chini ya mustari kumebakia nini?”

“Hakuna kitu.”

“Basi tafuta kingine. Mbio, mbele mutu hajafika.”

Hilo ni jambo la kujifunza: hakupoteza muda na kosa langu. Kosa lilikuwa limekwisha kwenda hewani, hata yeye asingeweza kulirudisha. Kilichobaki ni mtoto, na mlango ulio wazi kwa yeyote mwenye masikio.

Nilirudi kwenye benchi na kaye yangu. Huwa naandika vitu vidogo nikiwa nimekaa na mtu, ni tabia ya kutojua kuzungumza. Nilikuwa nimeandika kwamba hapendi biskuti zenye krimu. Kwamba anashika sikio lake akisinzia. Na kwamba mara nne, au tano, alilia akimwita Jacques. “Jacques amekula? Jacques ananingoja.” Pembeni nilikuwa nimeweka alama ya kuuliza: baba? kaka?

Nilimwonyesha Papa Gervais. Alisoma, akachukua karatasi mpya, akachora mstari mwenyewe. Chini yake akaandika neno moja: Jacques.

“Hii haisomwe kwa mutu,” alisema. “Atakayekuja, tutamuuliza Jacques ni nani. Mutu wa nyumba yake hawezi kukosa kujua.”

Ilionekana ni akili sana. Mimi mwenyewe nilijisikia nimelipa nusu ya kosa.

Kwenye saa tisa mchana aliingia mwanaume. Shati lake lilikuwa na weusi wa makala, makaa ya kupikia, mabegani, jasho limechora njia usoni, na mkononi alishika mfuko wa plastiki wenye sandale ndogo nyekundu, mpya. Hakusalimia. Alimwona mtoto akaita, “Asifiwe!” kwa sauti iliyotetemesha dirisha. Mtoto akaruka nyuma yangu, akashika sketi yangu, akaanza kulia.

“Papa, tulia,” Papa Gervais alimwambia. “Uko nani?”

“Mimi ni Mugisho, nauzisha makala pale Kadutu. Huyu ni mutoto wa dada yangu, wa Mudaka. Amekuja siku ya Mungu kunitembelea. Asubui nimemupeleka ku soko nimununulie viatu, nimeachilia mukono nilipe, nageuka, hayuko! Nimezunguka soko yote. Nimetafuta mupaka ku mutoni, njo nikasikia sauti yenu ku televisheni ya duka moja ya huku.”

“Iko na alama gani?”

“Iko na kovu ku mukono wa kushoto, maji ya moto. Na uzi ku muguu.”

Papa Gervais alinitazama kidogo tu. Hiyo ilitosha.

“Hayo yote tumeyasema ku televisheni, papa. Maman yake iko wapi? Tupigie simu.”

“Hana simu. Ya jirani yake imezimika, nimejaribu tangu asubui.”

“Na mutoto anakuogopa.”

“Siku tatu tu amenijua! Na saa ile viatu vilikuwa havimuenee, nilimukaripia. Ni mutoto.”

Ukimtazama, ungeweza kuamini. Ukimtazama tena, ungeweza kukataa. Hata zile sandale: mjomba anazinunua, na mtu anayetaka kumvuta mtoto wa watu naye anazinunua. Papa Gervais alivua miwani.

“Jibu moja tu. Jacques ni nani?”

Mwanaume alihamishia mfuko wa sandale mkono wa pili.

“Jacques?”

“Ndiyo.”

“Kwetu… kwetu hakuna Jacques.”

“Fikiri muzuri.”

“Labda jirani. Ao mwalimu wa ekodimu… masomo ya kanisa ya siku ya Mungu?” Alimgeukia mtoto. “Asifiwe, Jacques ni nani?” Mtoto aliposikia jina hilo akalia kwa nguvu zaidi.

Kwenye baraza walikuwepo watu watatu waliokuja kuleta komunike zao, na kijana mmoja mwenye moto aliyeegemea nguzo. Yule wa moto ndiye alisema, wala si kwa ubaya, nadhani, bali kwa mshangao: “Hajue hata baba ya mutoto!” Alikuwa ameamua peke yake kwamba Jacques ni baba. Akatoka getini na habari hiyo.

Mnaijua Bukavu, sina haja ya kueleza jinsi neno linavyoshuka mteremko. Sikuwa nimemaliza kumfuta mtoto pua, getini walikuwa watu kumi. Halafu sikuhesabu tena. “Mwizi wa batoto!” “Mumutoe hapa!” “Mutupe sisi, tutamuuliza weye nani!” Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi hapo nje alikuwa amechukua jiwe, na jiwe lilikuwa kubwa, alilishika kwa mikono miwili. Huyo mama nilikuwa namnunulia ndizi kila siku. Mwanaume wa makala aliketi kwenye benchi mahali mtoto alipokuwa ameketi. Alitazama tu lile geti.

Papa Gervais alimshika mkono akamwingiza studio, akafunga. Nami nikaingia nao, na mtoto kiunoni, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

“Papa Gervais, iko mwongo ao haiko?” tonton Riziki aliuliza.

“Sijue. Sijue kabisa. Lakini mutu hatakufa ku mulango yetu juu ya karatasi.”

Alitazama huku na huku, akatoa lile koti la majivu nyuma ya mlango. “Vaa.” Mwanaume akavaa. Lilimkaa sawa kuliko mtu yeyote niliyemwona nalo. Maman Aline akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji, akamchana nywele kwa kitana chake. Tonton Riziki akabeba kamera kubwa begani, ile ya zamani isiyofanya kazi, ambayo inatolewa siku za sherehe ili kampuni ionekane tajiri. Akampa mwanaume mikro mkononi.

“Papa, weye sasa ni muandishi wa habari. Usikimbie. Mutu akikimbia njo anafukuzwa. Tembea kama mwenye ameshiba.”

Wakatoka kwa geti kubwa, mbele ya wote. Tonton Riziki anapiga kelele, “Pembeni, pembeni, tunaenda ku reportage!” Watu wakawapisha. Hilo nalo mlijue: kamera begani inafungua njia kuliko honi. Nilikuwa natazama kupitia tundu la dirisha. Kijana mmoja alimshika mwanaume bega.

“Papa journaliste, mwizi angali ndani?”

“Sijue,” alijibu Mugisho. “Mimi nimekuja tu.”

Tonton Riziki alimsindikiza mpaka barabara kubwa, akampakiza kwenye taksi, akarudi na koti mkononi. Watu walikaa getini mpaka Papa Gervais alipofungua na kuwaonyesha kila chumba, hata ndoo nyuma ya pazia. Mtoto alienda kulala kwa Maman Aline, mwenye watoto sita na ambaye alisema wa saba hataonekana. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye kaye siku hiyo kuna mstari mmoja tu: “Nimesoma ku televisheni.” Dada yangu hakuusahihisha.

Asubuhi, kabla sijamaliza kufagia baraza, aliingia mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa ametoka Mudaka alfajiri, kitenge chake kimekuwa rangi ya barabara. Asifiwe alimwona kwanza. Sitawaelezea, mmekwisha kuona mtoto na mama yake. Hakukuwa na lolote la kuuliza, ila Papa Gervais ni Papa Gervais, alikuwa na karatasi mkononi.

“Maman, utusamehe. Jacques ni nani?”

Mama alitutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu wagonjwa.

“Jacques? Si ile kobaye yake?”

Kwa ajili ya wasiotoka kwetu: kobaye ni wale wanyama wadogo wasio na mkia, wanafugwa jikoni, wanakula majani na maganda, na kwa kawaida tunawala. Asifiwe alikuwa na wake, mweupe mwenye kiraka kichwani, na alikuwa amekataza asiliwe. Tonton Riziki alishuka polepole kwenye ukuta mpaka akakaa chini. Maman Aline alijifunika uso kwa daftari la wageni. Papa Gervais alikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni mwa sweta.

Mama hakucheka.

“Kaka yangu angejua namna gani jina ya kobaye?” aliuliza. “Miaka mbili hajafika kwetu. Amefika jana jioni, analia, mwanaume muzima. Anasema mumemuita mwizi. Ku avenue yake batoto bameshamuimbia nyimbo ya mwizi. Bibi yake, mama ya batoto bake, amefunga mulango, anaogopa nyumba itachomwa.”

“Iko wapi?” Papa Gervais aliuliza.

“Inje. Anasema haingie. Anasema mwenye aliandika karatasi atoke.”

Wote walinitazama. Papa Gervais angeweza kutoka yeye. Angesema maneno yanayofaa. Hakusogea. Nilitoka.

Mugisho alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, karibu na yule mama wa ndizi, ambaye alikuwa akipanga ndizi zake kwa bidii bila kuinua macho. Alinitazama, na nadhani alishangaa kuona nilivyo.

“Njo weye?”

“Ndiyo, papa. Naomba pardon. Nilikosea kusoma, halafu nikakosea kuuliza.”

“Uko na miaka ngapi?”

“Kumi na saba.”

“Mimi niko na watoto wawili. Jana nilijua sitawaona.” Alisema hivyo kama anayetaja bei. “Pole yako nimesikia. Lakini hii pole ni ya hapa ku barabara, tumesikia mimi na weye na huyu maman wa ndizi. Jana hamukuniitia ku barabara. Sauti yenye ilinileta hapa, ile ile, iniondolee hii jina.”

Nilirudi ndani. Mkurugenzi, aliyepita kuchukua funguo za gari, alisema televisheni haisomi makosa yake yenyewe, watazamaji watatuona hatujui kazi. Papa Gervais alimjibu kwamba getini wamekwisha kutuona. Mkurugenzi akachukua funguo akaenda, na hakusema hapana mara ya pili.

Niliandika. Papa Gervais alisoma juu ya bega langu mahali nilipoandika “kulitokea kosa.”

“Lilitokea lenyewe?”

Nikafuta. Nikaandika: “Mimi mwanafunzi wa staji nilikosea.” Tonton Riziki akapiga mluzi. “Petite, unajichimbia.” Saa nne nikaingia studio, nikasoma, mara hii nikipumua. Kwamba Papa Mugisho, muuza makala wa Kadutu, ni mjomba wa kweli wa mtoto. Kwamba alikuja kumchukua kwa haki. Kwamba tulimuuliza swali ambalo hakuna mjomba angeweza kulijibu. Kwamba yeyote aliyemwita mwizi amesikia kutoka kwetu, na sisi ndio tuliokosea.

Nilipotoka, Mugisho alikuwa kwenye korido. Hatimaye alikuwa ameingia. Asifiwe alikuwa amekaa mguuni pake, akivaa sandale nyekundu kinyume, ya kushoto mguu wa kulia.

“Umesoma muzuri,” alisema. “Lakini ku avenue yetu umeme unakuja saa moja ya jioni. Sasa hivi umesomea nani?”

Ni kweli, sisi wote tulijua Kadutu inapata umeme zamu gani. Tulikuwa tumefurahi kumaliza, basi.

Nililazimika kumwomba baba ruhusa ya kurudi jioni, na ili anipe ruhusa nilimweleza yote. Alinisindikiza mwenyewe, akakaa na Maman Aline kwenye baraza, mikono katikati ya magoti. Saa moja na dakika tano, baada ya habari za kwanza, nilisoma. Karatasi ilikuwa ile ile. Mugisho hakuwepo, alikuwa kwake, na alikuwa amewaita majirani waje kutazama.

Nilikuwa sijamaliza kuikunja karatasi, simu ya mapokezi ikalia. Maman Aline aliingia nayo studio, akainyanyua juu ili wote tusikie. Nyuma kulikuwa na makelele ya watu wengi kwenye nyumba ndogo, na mtoto mchanga analia.

“Petite?”

“Ndiyo, Papa Mugisho.”

“Iko mutoto alikuwa analia hapa. Banasema bamesikia yote, ila jina yangu hawakusikia muzuri. Rudilia jina tu. Pole pole.”

Nilimtazama Papa Gervais. Alikuwa anamtazama tonton Riziki, na tonton Riziki alikuwa amekwisha kuifungua mikro.

Nikarudilia jina.